Kipakatalishi cha Mwaka 2016 Kimechoka: Nikitengeneze au Ninunue Kingine?

SWALI

Kwako Mwalimu,

Pokea salamu kutoka Umoja. Mimi ni mweka hesabu wa kujitegemea. Ninawatunzia vitabu vya hesabu wafanyabiashara wadogo tisa, wengi wao wakiwa na maduka ya vifaa vya ujenzi na ya dawa hapa Umoja, Kayole na Donholm, na kila mwezi huwajazia marejesho ya kodi: ya mishahara kufikia tarehe 9 na ya VAT kufikia tarehe 20. Kazi yote hiyo huifanya kwa kipakatalishi kimoja, HP EliteBook 840 G3, ambacho nilikinunua mwaka 2019 kikiwa kimeshatumika. Niliambiwa dukani kwamba kilitengenezwa mwaka 2016. Kimenisomeshea watoto wawili, na sioni haya kusema kwamba nimekizoea kama mkulima alivyozoea jembe lake.

Kwa miezi minne hivi sasa kimeanza kuchakaa sehemu moja baada ya nyingine. Betri haimalizi dakika ishirini. Tarakimu 5 na 8 kwenye kibodi haziandiki mpaka nizibonyeze kwa nguvu, na kwa mtu anayeshinda akiandika tarakimu hilo ni mateso. Kile kibao cha kusogezea mshale kwa kidole kimeinuka kidogo na siku hizi hakibonyeki. Bawaba ya kulia hulia kila ninapofungua kifuniko. Nikikiwasha asubuhi ninaweza kuchemsha chai na kuinywa kabla hakijawa tayari, kwa maana bado kina diski ile ya zamani ya kuzunguka, ya gigabaiti 500, na kumbukumbu ya gigabaiti 4. Baya zaidi ni la alasiri: nikiwa nimefungua Excel pamoja na tovuti ya kodi ya iTax, feni huvuma kwa nguvu, kisha mashine huzimika ghafla. Mwezi uliopita ilizimika usiku wa tarehe 19, nikiwa na marejesho ya wateja watatu ambayo sikuwa nimeyawasilisha, ikanibidi kwenda saiba alfajiri na mapema.

Fundi mmoja wa Luthuli Avenue alikitazama kwa dakika kumi akaniandikia kwenye kipande cha karatasi: betri 5,000, kibao cha kuguswa 3,000, kibodi 3,500, bawaba 2,500, diski mpya ya SSD (isiyo na sahani inayozunguka) 4,500, kuongeza kumbukumbu ifike gigabaiti 8 3,000, na usafi wa ndani 1,500. Jumla ni shilingi 23,000. Muuzaji mwingine, wa Moi Avenue, ana EliteBook 840 G5 iliyotumika Uingereza ambayo anaiuza 38,000, na yuko tayari kukipokea changu kwa thamani ya 6,000 ili nimwongezee 32,000. Akiba yangu ni 26,000, kwa hiyo nikienda kwake itanibidi nikope zilizobaki kwa simu.

Mume wangu anasema kukitengeneza ni kutia maji katika pakacha. Fundi anasema chuma hiki ni kizuri kuliko vya sasa. Kila mmoja ana lake, na mimi ndiye mwenye tarehe za kutimiza. Nifanyeje?

Mweka Hesabu, Umoja

JIBU

Dada yangu wa Umoja,

Kabla sijaligusa suala la pesa, nakuomba ukizime kipakatalishi hicho na ukichomoe kwenye umeme, kwa sababu sentensi moja ya barua yako imenitia hofu kuliko nyingine zote. Umesema kibao cha kuguswa kimeinuka na hakibonyeki. Katika muundo huo, betri imelala upande wa mbele, chini ya pale unapopumzisha viganja vya mikono, na kibao hicho kiko juu yake. Betri ya lithiamu inapozeeka au inapopata joto la kila siku huzalisha gesi ndani ya mifuko yake, mifuko ikafura kama andazi kwenye mafuta, na kwa kuwa kwa chini imezuiwa na kifuniko kigumu, husukuma kilicho juu yake. Kiweke kipakatalishi kikiwa kimefungwa juu ya meza iliyonyooka, kisha ukiguse pembe moja baada ya nyingine kwa kidole. Kikiyumba kama kigoda chenye mguu mfupi, au ukiona mwanya mwembamba kwenye mshono wa mbele ambao zamani haukuwapo, basi jua kwamba betri imevimba. Nimefungua mashine nyingi za namna hii, na kila mara mwenyewe alikuwa ameambiwa kwamba kibao ndicho kibovu.

Betri iliyovimba haichajiwi, haikandamizwi ili kifuniko kifunge, wala haitobolewi ili itoe gesi, maana ikitobolewa inaweza kushika moto papo hapo. Mpelekee fundi aitoe mbele yako. Usiitupe kwenye pipa la taka za nyumbani, kwa sababu lori la taka hukandamiza kila kitu; hapa Nairobi kipo kituo cha WEEE Centre kinachopokea taka za kielektroniki, na mpaka upate nafasi ya kuifikisha huko, iweke ndani ya sufuria kuukuu yenye mchanga mkavu, nje ya nyumba, mahali pasipofikiwa na watoto wala jua. EliteBook hii hufanya kazi kwa chaja peke yake bila betri, kwa hiyo hutakwama, ila umeme ukipotea itazimika, na kazi ambayo hukuihifadhi itapotea.

Ona basi jinsi karatasi ya fundi inavyoanza kubadilika kabla hatujatoa hata shilingi. Betri ikishatoka, kibao chako huenda kikarudi mahali pake na kubonyeka kama zamani, kwa hiyo zile 3,000 zisilipwe mpaka tuone. Simtuhumu fundi kwamba ni mwongo. Dakika kumi za kutazama mashine ikiwa imefungwa haziwezi kumwonyesha kilichomo ndani.

Sasa nije kwenye uamuzi wenyewe. Watu wengi huchukua jumla ya matengenezo, 23,000 kwa mfano wako, wakaiweka kando ya bei ya mashine nyingine na kuuliza ni ipi ndogo. Kwa maoni yangu hesabu hiyo inapotosha, kwa sababu inachanganya pesa za aina mbili ambazo hazifanani hata kidogo. Kuna pesa utakayoitia kwenye kipakatalishi hiki na ambayo siku moja utahama nayo kwenda kwenye kingine, na kuna pesa itakayozikwa pamoja nacho. Wewe unaandika vitabu vya hesabu, kwa hiyo utanielewa upesi nikisema kwamba ya kwanza ni mali na ya pili ni gharama.

Tuanze na diski. Uzito wa asubuhi unaousimulia unatokana na diski ya kuzunguka, ambayo husoma kwa sindano inayotangatanga juu ya sahani, na unazidishwa na uchache wa kumbukumbu: gigabaiti 4 zikishajazwa na Excel na kivinjari, mashine huanza kuazima nafasi kwenye diski hiyo hiyo iliyochoka, na hapo ndipo kila kitu husimama. Prosesa yako haina kosa kwa kazi ya uwekaji hesabu. Muundo wa 840 G3 una nafasi mbili za diski: ile pana ambamo diski yako ya sasa imekaa, na nyingine ndogo ya aina ya M.2, inayopokea SSD nyembamba yenye umbo la kipande cha ubani wa kutafuna. Mwambie fundi unataka hiyo ya M.2, hata kama bei itazidi kidogo, kwa sababu 840 G5 na vipakatalishi vingi vilivyokuja baada yake havina tena nafasi ya diski pana. Kwenye kumbukumbu ni vivyo hivyo: G3 hutumia kumbukumbu ya aina ya DDR4, na G5 pia hutumia DDR4. Hakikisha fundi anaongeza kipande kwenye nafasi ya pili na haondoi cha zamani akaenda nacho, na ukiweza kujikaza nunua kipande kimoja cha gigabaiti 8. Diski na kumbukumbu kwa bei zako ni 7,500, na hiyo ni mali utakayohama nayo.

Kibodi sikushauri uibadilishe. Kibodi ya ndani ya G3 haiingii kwenye G5, na isitoshe, kipakatalishi cha inchi 14 hakina ule mpangilio wa tarakimu wa pembeni ambao mweka hesabu yeyote anauhitaji. Nunua kibodi ya nje yenye waya na tarakimu za pembeni. Ukitenga 1,500 itatosha. Itakutumikia kwa miaka kadhaa, na vidole vyako vitashukuru kuanzia siku ya kwanza.

Zinazobaki ni pesa za kuzikwa: betri 5,000, bawaba 2,500 na usafi 1,500, jumla 9,000. Kuhusu bawaba, mara nyingi kinacholia ni skrubu zilizolegea, na kukazwa kwake si kazi ya 2,500; lakini usiipuuze, maana bawaba inayokwama hupasua fremu ya kifuniko, na waya wa skrini unapita karibu nayo. Mpaka itengenezwe, fungua kifuniko kwa kukishika katikati, si pembeni.

Hata hivyo, kuna jambo moja linaloweza kuubatilisha ushauri wangu wote, nalo ni kule kuzimika alasiri. Ninashuku sababu mbili. Huenda ni joto: vumbi la miaka mingi limeziba mapezi ambayo feni hupulizia, krimu inayopitisha joto kati ya prosesa na bomba la shaba imekauka ikawa kama chokaa, na mashine hujizima yenyewe ili isiungue. Huo si ugonjwa, ni uchafu. Lakini huenda pia ni bodi kuu, na bodi ya mashine ya mwaka 2016 ikianza kufa, kila shilingi ya kuzikwa utakayoiongeza itazikwa mapema. Kwa kutazama tu huwezi kutofautisha, na ndiyo sababu sipendi uilipie orodha yote kwa siku moja. Lipia usafi peke yake, 1,500, betri ikiwa imetolewa, kisha urudi nyumbani ufanye kazi kwa chaja kwa siku tatu nzima, ukifungua kwa makusudi Excel na iTax alasiri kama kawaida yako. Isipozimika, nenda ukakamilishe matengenezo. Ikiendelea kuzimika ilhali feni imetulia na chini hakuna joto, simama hapo hapo. Utakuwa umepoteza 1,500 tu, na nitakuwa wa kwanza kukubaliana na mume wako kuhusu pakacha.

Lakini mashine yenyewe ikipona, bado ina tarehe nyingine ambayo bisibisi haiwezi kuisogeza. Windows 10 iliacha kupewa marekebisho ya bure ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo, kwa prosesa za Intel, huanzia kizazi cha nane isipokuwa chache sana, na G3 ni ya kizazi cha sita. Microsoft ilifungua mpango wa nyongeza kwa watu binafsi unaoishia tarehe 13 Oktoba 2026. Unajiandikisha kupitia mipangilio ya Windows, sehemu ya masasisho, ukiwa na akaunti yao. Jiandikishe. Wapo watakaokwambia kwamba watakuwekea Windows 11 kwa njia ya kuzunguka masharti, na kweli itawaka, lakini Microsoft haitoi hakikisho kwamba mashine za namna hiyo zitaendelea kupata masasisho, na wewe umebeba namba za kodi za PIN na mishahara ya watu wa biashara tisa. Linux, mfumo wa bure unaoweza kuchukua nafasi ya Windows, ingekuwa jibu zuri kwa mwanafunzi au mwandishi. Kwako wewe, ambaye kazi zako zimo kwenye Excel na macro zake (amri zinazojitekeleza zenyewe), sikushauri uhamie mfumo mgeni huku tarehe 20 ikikunyemelea.

Kwa hiyo matengenezo haya ninayapa muda unaojulikana: yakutumikie ukijiandaa, si milele. Hesabu inakubali. Ukitoa 7,500 za diski na kumbukumbu, 1,500 za kibodi ya nje na 9,000 za kuzikwa, umetumia 18,000, na kwenye akiba yako zimebaki 8,000 bila kukopa kwa simu. Ukiweka 2,000 kila mwezi, baada ya miezi 12 utakuwa na 32,000, kiasi kile kile anachokitaka muuzaji leo juu ya mashine yako, na utaingia dukani ukiwa tayari na diski, kumbukumbu na kibodi yako. Gharama halisi ya kungoja ni zile 9,000, yaani 750 kwa mwezi. Linganisha hizo na riba ya mkopo wa simu. Ni kweli kwamba miezi ya mwisho inaweza kuvuka ile tarehe ya Oktoba. Ukifika hapo na pengo limebaki dogo, chama au sako ni mahali pa kukopa kwa utulivu kuliko simu.

Kuhusu mashine ya Moi Avenue, siikatai, ila nataka uione ilivyo. Miundo ya G5 ilitoka mwaka 2018, kwa hiyo inakizidi chako ujana kwa miaka miwili tu, na betri yake pia imetumiwa na mtu mwingine Uingereza. Utakapofika wakati wa kununua, mwombe muuzaji afungue dirisha la amri (Command Prompt) aandike powercfg /batteryreport. Ripoti itakayotoka huonyesha uwezo wa betri ilipoundwa na uwezo wake wa sasa ikijaa. Ukikuta ya pili imeshuka chini ya robo tatu ya ya kwanza, bei ya betri mpya iondolewe kwenye 38,000. Faida ya kweli ya G5 nyingi ni prosesa ya kizazi cha nane inayokubali Windows 11, na hiyo tu inatosha kuifanya iwe mashine yako ijayo.

Lakini zile 6,000 anazokupa kwa kukichukua chako, usizipokee namna hiyo. Ndani ya diski yako zimo hesabu za wateja, mishahara ya wafanyakazi wao na nywila zako za iTax, na kufuta mafaili kwa kawaida hakuyaondoi. Mtu mwenye programu ya bure anaweza kuyarudisha jioni moja. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 wewe pia unawajibika kwa taarifa hizo. Mashine ikiuzwa, diski ibaki kwako. Na kwa sababu hiyo hiyo, kabla hujaenda Luthuli Avenue, nakili kazi zako zote kwenye diski ya nje, fungua mafaili mawili matatu uhakikishe yanasomeka, kisha keti kwenye kiti cha fundi huku akifungua skrubu. Ikibidi uiache mashine dukani, ondoka na diski mfukoni, na upewe risiti inayotaja kila spea pamoja na muda wa dhamana yake.

Limebaki suala la siku. Usafi na siku tatu za majaribio zinahitaji nafasi isiyo na wateja wanaokusubiri, nayo huipati kati ya tarehe 1 na 20. Panga kuipeleka tarehe 21, ukishawasilisha VAT ya wote tisa. Betri ndiyo haiwezi kungoja tarehe hiyo. Ukikuta kipakatalishi kinayumba mezani, itolewe leo, na mwezi huu ufanye kazi kwa chaja, ukihifadhi kila baada ya mistari michache.

Mwalimu